Wageni Kumi Bila Presha

Jumamosi, 14 Desemba

Imeamuliwa! Mwaka huu ndugu wote wanakuja kwangu. Ijumaa ijayo mpaka Jumatatu. Wageni kumi: Mama, Dada na mumewe na watoto wao watatu, mdogo wangu na mkewe na mapacha wao.

Mwaka jana walikuwa kwa Dada. Tangu hapo masikio yangu hayajapumzika. Mapazia ya Dada! Maua ya Dada mezani! Supu ya Dada! Kana kwamba kabla yake hakuna binadamu aliyewahi kuinjika chungu.

Ila kuna sharti. Mama amelitamka kwenye simu kwa ile sauti yake ya chini. Mwaka jana alimkuta Dada jikoni analia juu ya karai la vyombo. Mama anasema hakuzaa watoto ili walizwe na sahani. Safari hii akiona chozi la mwanawe hata mmoja kwa sababu ya wageni, basi, mikutano imekwisha. Kila mtu ale kwake, na yeye atakula kwake, peke yake. Ana miaka sabini na tisa. Tangu baba afe, hizi siku tatu ndizo anazozihesabu mwaka mzima. Na bado atazifuta. Namjua.

Nikamwambia: Mama, kwangu utaona maajabu. Hakuna presha.

Dada alikuwa kwenye simu hiyohiyo. Akaguna. Mguno mrefu, wa puani. Nimeusikia.

Jumapili, 15 Desemba

Nimeandika Mpango. Kurasa kumi na moja.

Mimi ni mtunza stoo wa chuo cha ufundi, huu mwaka wa ishirini na sita. Hakuna nyundo iliyotoka mlangoni pangu bila sahihi. Watu kumi watanishinda nini? Mtu ni kama nyundo tu, isipokuwa nyundo haiulizi chai iko wapi.

Asubuhi kulikuwa na mwanamke redioni anafundisha jinsi ya kupokea wageni bila presha. Ushauri wake: washa mshumaa, keti, vuta pumzi. Eti pumzi! Wanamlipa huyo. Watu wanapata presha kwa sababu hawana jedwali, si kwa sababu hawapumui.

Nikamsomea mke wangu Mpango huku anapiga pasi sare yake. Ni muuguzi. Alisikiliza mpaka ukurasa wa nne, akauliza yeye yumo ukurasa wa ngapi. Nikamjibu: wa tano mpaka wa kumi. Akakunja sare. Jioni akaniarifu kwamba amebadilishana zamu na mwenzake, atashinda wodini siku zote tatu. Usaliti! Akaongeza kwamba mwenye mpango mzuri hivyo hahitaji msaidizi.

Sentensi nzuri. Nimeiandika kwenye ukurasa wa kwanza. Sikumtaja.

Jumanne, 17 Desemba

Nimepata mpishi. Dada alipika mwenyewe siku tatu, ndiyo maana akalia. Mwenye akili hutafuta fundi. Nimemchukua mpishi wa kantini ya chuo, maana wanafunzi wako likizo na yeye anashinda akiua nzi kwa taulo. Ni mtu mkubwa, mwenye dharau isiyo na msingi.

Alikuja kukagua jiko. Akanyanyua sufuria yetu kubwa kuliko zote, akaigeuza, akauliza kama hii ni ya kunywea. Nikamwambia tutakuwa kumi na wawili. Akacheka. Alisema yeye hajapikia watu wanaohesabika. Kipimo chake cha chini kabisa ni bweni moja. Ukimwambia watu kumi na wawili, hajui hata chumvi inaingiaje, itakuwa ni kubahatisha, na yeye si mtu wa kubahatisha.

Nikamweleza habari ya kugawanya. Akasema kugawanya ni hesabu za watoto, yeye ni mpishi.

Nimempa maelekezo kwa maandishi. Atatii. Kila mtu hutii karatasi.

Jumatano, 18 Desemba

Hatari! Dada amepiga simu saa mbili asubuhi. Anataka kuja kesho, siku moja kabla ya wenzake, “kunisaidia kidogo.” Kidogo! Namjua huyu. Ataingia na kidogo, kufika jioni mapazia yangu yatakuwa yameshuka na yake yamepanda, na Mama atakuja kuikuta nyumba ya Dada ndani ya nyumba yangu.

Ilibidi nifikiri upesi. Nikamwambia haiwezekani, nyumba imepuliziwa dawa, mtu haruhusiwi kuingia mpaka Ijumaa.

Akauliza dawa ya nini.

Nikasema kunguni.

Sijui kwa nini nilisema kunguni. Ningeweza kusema mchwa. Mchwa wana heshima zao. Lakini lilikwisha kunitoka, na Dada akasema pole sana mdogo wangu. Kwa upole! Sijawahi kumshinda kirahisi hivi. Nimekunywa chai vikombe viwili kujipongeza.

Jumla ya kunguni nyumbani kwangu: hakuna. Hajawahi kuwepo hata mmoja.

Alhamisi, 19 Desemba

Mdogo wangu kapiga simu: waje na mashuka yao au wachome yatakayobaki? Mkewe akamnyang'anya simu, akauliza kama mapacha wakatwe nywele kwanza. Mama kapiga simu. Anasema nisione haya, hata watu wenye vyeo vyao huwa wanapata.

Mke wangu karudi kutoka zamu. Wodini kuna mwenzake aliyemuuliza, mbele ya wagonjwa, kama hali ya kunguni inaendeleaje. Mwenzake ni shoga wa jirani wa Dada. Mke wangu hakufoka. Alikwenda kulala na mlango akaufunga.

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Upuuzi wa wahenga! Halipo na haliji.

Bado nimetulia. Nimekata vibati kumi na viwili kutoka mabaki ya karakana, kila kimoja na namba yake. Bafu letu ni moja, choo kikiwa humohumo. Utaratibu: chukua kibati msumarini, oga, rudisha kibati. Dakika kumi kwa kichwa. Dada mwaka jana aliacha watu waoge walivyotaka. Kama mbuzi!

Ijumaa, 20 Desemba

Saa tatu asubuhi. Kengele. Kwenye jedwali Dada ni wa saa saba.

Nikafungua. Dada, kitambaa puani, glavu mkononi, na bomba la kupulizia dawa mgongoni, lile la wakulima. Nyuma yake mumewe amebeba dumu la pili. Huyu shemeji namwita Kimya. Toka amwoe Dada sijawahi kumsikia akimaliza sentensi.

Dada akasema dawa za siku hizi zimechakachuliwa, kwa hiyo ameleta yake. Akaniinamia sikioni, akaninong'oneza kwamba hatamwambia mtu. Hatamwambia mtu!

Kusema hakuna kunguni ni kukiri uongo. Kunyamaza ni kukiri kunguni. Nikanyamaza.

Akapuliza vyumba vyote. Akapuliza makochi. Akapuliza Mpango, ambao nilikuwa nimeubandika ukutani sebuleni, ukurasa kando ya ukurasa. Wino ukateremka ukutani mpaka sakafuni. Ukurasa wa tatu sasa unasomeka: “Wageni wata.” Basi.

Tukakaa nje kwa saa nne nzima. Wageni wengine wakaja na magodoro yao, kila mmoja na lake limeviringishwa begani, kama wakimbizi wenye furaha. Wakayatandaza uani. Jirani yetu ni fundi viatu, kibanda chake kinapakana na ua wangu. Akatoa benchi la wateja, Mama akakalia, akaanza kumsimulia jinsi nilivyokuwa nikiogopa kuku nilipokuwa mdogo. Vicheko mpaka barabarani.

Nikapuliza filimbi. Nikatangaza kwamba saa hizi ni Mapumziko ya Ndani. Mama akasema tunapumzika, baba, njoo nawe upumzike. Nikamwambia nje si ndani. Nikatafuta kivuli nyuma ya tangi la maji, nikasimama huko nikisaga meno, Mama asinione.

Wamefurahi kutwa nzima nje ya utaratibu. Inatia kinyaa.

Jumamosi, 21 Desemba

Vibati vilifanya kazi. Niandike wazi: vilifanya kazi kwa watu watatu.

Wa nne alikuwa Kimya. Akaingia na kibati, akatoka bila kibati. Nikamuuliza kiko wapi. Akasema, “Kime...” Kisha akaonyesha choo kwa kidole.

Nikavuta maji. Maji hayakushuka. Yakapanda.

Nikafunga mlango. Nikajaribu waya, fimbo, mkono. Nje wajukuu wote wa Mama wamepanga foleni na taulo shingoni. Kukiri kwamba choo kimezibwa na kibati changu mwenyewe? Ng'o! Nikabandika tangazo: BAFU LIMEFUNGWA KWA UKAGUZI.

Mdogo wangu akauliza ukaguzi wa nini. Nikamwambia wa kawaida.

Dada hakuuliza. Aliita tu juu ya ua, akamwuliza mke wa fundi viatu kama watoto wanaweza kuoga kwake. Mara ndugu zangu wote wakaanza kuvuka na ndoo na taulo, huyu anakwenda, huyu anarudi, bila namba, bila orodha, wanaimba. Nikapima kwa saa. Dakika sita kwa kichwa! Nikapima tena. Sita.

Saa yangu ina kasoro.

Mama akaniuliza kama sijachoka. Nikajibu nimetulia kama maji mtungini. Jicho la kushoto lilikuwa linachezacheza lenyewe, nikamgeuzia upande wa kulia.

Jumapili, 22 Desemba

Siku ya chakula kikubwa. Naandika jioni.

Mpishi alifika saa kumi na mbili asubuhi na sufuria mbili ambazo hazikupita getini. Ilibidi tung'oe bawa moja la geti. Nikamkabidhi karatasi: watu kumi na wawili, viazi hivi, kuku hawa. Akaisoma yote. Akaikunja mara nne, akaiweka chini ya jiwe la jiko ili sufuria isiyumbe.

Nikaenda kupanga viti. Niliporudi viazi vilikuwa vimeiva. Hakikuwa chakula kile, kilikuwa mlima. Viazi vya bweni zima vikifuka moshi, na sufuria ya pili supu ya kuku mpaka ukingoni. Nikamwuliza mpishi amevitoa wapi. Akasema stoo ya jikoni ya chuo ilikuwa na magunia ambayo yasingefika mwezi wa kwanza, mkuu wa chuo mwenyewe alimwambia ayaondoe. Alifikiri nitafurahi. Akafuta mikono, akaaga, akaondoka! Kama mtu aliyemaliza.

Sasa, mwenye kumjua Mama ataelewa hofu yangu. Mama alitulea kwa sheria moja tu: chakula hakimwagwi. Aliwahi kutukalisha mezani mpaka jua likatua kwa ajili ya nusu kiazi. Nusu! Akiona mlima huu angeuliza nani alipanga.

Nikaamua kuficha. Mahali ambapo hakuna mtu angeingia? Bafuni! Pamefungwa kwa ukaguzi. Nikajaza beseni, nikafunika kwa sinia, nikapitia mlango wa nyuma. Beseni la kwanza, salama. La pili, salama. La tatu, nikakanyaga ule waya wa kuzibulia. Viazi chini. Vikabiringika kila pembe, kimoja kikaingia nyuma ya choo, nikakifuata kwa magoti, nikagonga kichwa kwenye sinki.

Nikakaa sakafuni. Nilitaka kupanga hatua inayofuata. Badala yake nikashtukia uso umelowa. Nilijiambia ni maji ya bomba. Mabega yakaanza kwenda juu na chini yenyewe, na sauti ikanitoka ambayo sijaitoa toka nikiwa shule ya msingi.

Mlango ukafunguliwa. Dada.

“We! Unafanya nini humu?”

“Nakagua.”

Akatazama viazi. Akatazama uso wangu. Akaingia, akafunga mlango, akageuza ndoo akaikalia.

“Usimwambie Mama,” nikasema. “Dada, nakuomba. Akijua, tumekwisha. Atakula peke yake.”

“Simwambii.” Akasogeza kiazi kimoja kwa mguu. “Unajua mwaka jana nililia nini?”

Nikasema uchovu.

“Uchovu naujua, haunilizi. Nilisimama siku tatu. Hukuniuliza hata kama nimekula. Siku ya mwisho nakuletea bakuli, unaonja mbele ya wote, unasema supu haina chumvi.”

Nikakumbuka. Haikuwa na chumvi. Ukweli ni ukweli. Lakini nilikuwa nimekaa chini katikati ya viazi, nikaona si wakati wake. Nikasema, “Kumbe.”

“Ndiyo. Kumbe.”

Kisha akaangalia kile kiazi nyuma ya choo, akaanza kucheka. Akacheka mpaka akashika ukuta. Nami nikacheka, kwa adabu. Akanifuta uso kwa ncha ya kitambaa chake, kwa nguvu, kama alivyokuwa akinifuta zamani kabla ya kunipeleka shule. Akauliza na kunguni je, walikuwepo? Nikasema hapana. Akasema alijua tangu Jumatano, mtu mwenye kunguni hujikuna hata kwenye simu. Alikuja na bomba ili aone nitakubali saa ngapi.

Nyoka!

Vile vya sakafuni tukaviweka kwenye ndoo, mbuzi wa jirani wakapata sikukuu yao. Vilivyobaki Dada akavitoa mlango wa mbele, waziwazi, kichwani. Akaita juu ya ua. Fundi viatu akaja na mkewe na wateja wawili waliokuwa wakisubiri soli. Mshona nguo wa ng'ambo ya barabara akaja. Vijana wanaocheza karata kwenye kona wakaja wote. Saa tisa mke wangu akatokea na zamu nzima ya wauguzi, bado na sare zao, wana njaa ya kuogofya. Hakuna aliyekaa kwenye kiti nilichompangia. Nilikuwa nimeandika majina!

Mama akaniita.

“Mbona macho mekundu?”

“Moshi, Mama.”

“Moshi.” Akamgeukia Dada.

“Moshi, Mama,” Dada akasema. “Hata mimi umenipata.”

Mama akatutazama, mmoja, kisha mwingine. Akachota supu, akaweka viazi vitatu, akanipa sahani mkononi. Nikamwambia kwa mujibu wa jedwali sasa ni saa ya hotuba yangu. Akasema keti. Nikaketi. Nilikuwa sijala tangu jana. Nilikula mpaka nikalegeza mkanda.

Kufika saa kumi na moja sufuria zilikuwa zinang'aa ndani. Hakuna hata kiazi.

Jumatatu, 23 Desemba

Wameondoka. Uani pamebaki filimbi yangu na soksi moja ya pacha.

Kabla ya kupanda gari Mama alitoa hukumu. Mikutano itaendelea. Mwakani tukutane nje vilevile, kila mtu aje na sufuria yake na godoro lake, pasiwe na mwenye nyumba wala mgeni. Wote wakapiga makofi. Kimya akanishika mkono, akasema, “Nimefurahi sana, shemeji.” Sentensi nzima! Dada alishtuka kuliko mimi.

Dada alinikumbatia. Alininong'oneza kwamba mwakani nijaribu kuja na kukaa tu. Nikamwambia nitajaribu. Mama alinishika shavu, akasema mwanangu, jipumzishe.

Gari lilipokata kona, nilihisi kitu kifuani. Nafikiri ni supu.

Jumanne, 24 Desemba

Nimelala usingizi mzuri, nimeamka na akili safi. Nimefanya tathmini.

Mafanikio: hakuna aliyelia mbele ya Mama. Majirani wote wamekula kwangu. Mikutano imeokolewa. Na nani? Mimi.

Makosa: yapo, na yote yalifanywa na watu wengine.

Mwakani hakuna mwenye nyumba, sawa. Lakini hebu fikiri! Sufuria nyingi uani bila mtu wa kuzisimamia? Nani ataamua ipi ifunuliwe kwanza? Mama hakusema, kwa hiyo ameniachia. Nimeanza Mpango mpya. Niko ukurasa wa ishirini na tatu na bado hatujafika kwenye vijiko.

Mke wangu ana mapumziko leo. Kaniletea chai, kaketi karibu, kasema kwa upole kwamba labda sasa nimeona watu wanataka nini. Nikamwambia nimeona: wanataka uongozi. Akainywa chai yake.

Halafu, katika kubadilisha mazungumzo, akataja kwamba fundi viatu anaoza binti yake mwezi wa pili. Wageni mia tatu. Alipomaliza kusema akajiziba mdomo, lakini lilikwisha kumtoka.

Mia tatu! Na fundi viatu wa watu hana hata jedwali. Hajaniomba kitu. Ataanzaje kuomba, ni mtu mwenye haya.

Nimeshapiga pasi shati. Mke wangu amesimama mlangoni, anasema nisiende. Napitia dirishani.